Kasha la bibi linaweza kungoja, bibi mdogo hawezi

Swali: Shikamoo mzee. Bibi yetu mzaa mama amefariki Pangani, na arobaini yake tumeisoma mwezi uliopita. Tulipofungua kasha lake la njumu tumekuta bati la biskuti limejaa barua. Nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuzisoma, ingawa wengine tumehitimu msahafu. Zipo pia picha za studio, magazeti ya zamani, kanga mbili, vikuku vya fedha na nishani ya babu ya vita vya Burma. Karatasi nyingine zina ukungu, nyingine zimeliwa na wadudu. Mwenye duka la steshenari hapa Tanga ameniambia nizipige laminesheni zote, zitakaa milele. Mjomba anasema zichomwe kwa kuwa zina jina la Mungu na hazisomeki. Binamu zangu wanataka zigawanywe, kila mtu apate zake. Nifanye nini? Wa rika la bibi amebaki mdogo wake tu, yuko huko huko Pangani, ana miaka themanini na kitu.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mungu amrehemu bibi.

Umeuliza mengi kwa mkupuo mmoja, na lililo kubwa kuliko yote umelitia mkiani kama salamu za jirani: kwamba bibi mdogo yuko hai, na umri wake ndio huo. Hapo ndipo pa kuanzia. Karatasi zilizokaa kashani miaka sabini zinaweza kungoja mpaka kipupwe. Yeye hawezi, wala macho yake hayawezi. Nimefanya kazi ya kutengeneza nyaraka zilizoharibika kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu wameniletea karatasi zilizogandamana kama ugali wa jana nikazifungua moja moja, zikasomeka. Lakini wakiniuliza huyo "ndugu yetu wa Mkwaja" aliyetajwa humo ni nani, sina jibu, maana aliyemjua kazikwa mwaka uliotangulia.

Basi kazi ya wiki hii si kusafisha wala kununua maboksi. Ni kupiga picha, kisha kwenda Pangani.

Picha upige kwa simu yako hiyo hiyo. Tandika shuka jeupe barazani, kivulini, asubuhi jua halijawa kali, na uzime mwanga wa kamera. Nawa mikono, ikaushe vizuri. Mikono mikavu na safi ni bora kuliko glavu kwa karatasi, kwa sababu ukiwa na glavu huhisi karatasi inapoanza kuchanika. Weka rula au sarafu kando ya barua ili ukubwa wake ujulikane. Piga mbele na nyuma, hata kama nyuma kunaonekana kutupu, halafu piga bahasha yake. Bahasha watu huitupa, au huiloweka wapate stempu, na hapo huwa wametupa tarehe. Barua nyingi hazina tarehe ndani lakini muhuri wa posta unayo. Muhuri ukiwa umefutika, stempu yenyewe husema kitu: zile za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zilianza 1922, na zenye jina la Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza 1935. Ukishapiga, andika namba kwa penseli laini kwenye kona ya nyuma ya barua, ndogo sana, na namba hiyo hiyo iwe jina la picha kwenye simu. Kalamu ya wino isikaribie.

Barua ambayo haifunguki kwa urahisi iache. Usiilazimishe leo.

Yule kijana wa steshenari sasa mpe kazi inayomfaa: achapishe hizo picha za simu kwenye karatasi za A3, herufi ziwe kubwa. Asiingize barua zenyewe kwenye mashine yake. Nakala hizo ndizo utakazokwenda nazo Pangani, pamoja na barua mbili tatu tu za asili, zile ngumu, kwa sababu mtu mzima akishika karatasi aliyowahi kuiona anakumbuka mambo ambayo nakala haimkumbushi. Mwombe ruhusa ya kurekodi sauti. Kila barua iwe na rekodi yake, nawe uanze kwa kutaja namba. Kisha nyamaza. Akisoma mstari mmoja akaingia kwenye habari ya harusi ya mtu, mwache aende na harusi hiyo.

Kwa nini ninyi mliohitimu msahafu mnashindwa kuzisoma? Msione haya. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani kilikopa herufi zisizokitosha. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Irabu zenye alama ni tatu, basi kasra, alama ya chini ya herufi, ikabeba i na e, na dhumma, alama ya juu kama wau ndogo, ikabeba u na o. Na ile n au m inayotangulia konsonanti, kama kwenye ndugu au mbuzi, waandishi wengi hawakuiandika kabisa. Walijua msomaji ataitia mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta herufi be na te, kila moja na fataha yake, yaani alama ya a, neno linaweza kuwa bata, linaweza kuwa pata, linaweza kuwa mbata. Kwa watu wa Pangani wenye minazi, kati ya "nimeleta bata" na "nimeleta mbata" kuna tofauti ya kikapu kimoja na jahazi zima. Msahafu una irabu kamili na maneno yake mmeyahifadhi. Barua inasomwa na mtu anayejua lahaja ya mwandishi na habari za wakati huo. Mtu huyo kwenu ni mmoja.

Ili usikwame kabla bibi mdogo hajafika kwenye kiini, jua barua zenyewe zimepangwaje. Barua za namna hii huanza na mistari mingi ya salamu na heshima, wakati mwingine nusu ukurasa, karibu yote Kiarabu. Habari yenyewe huanza baada ya "wa baadu" au maneno kama "ama baada ya salamu". Mwishoni huja tarehe na jina, na mara nyingi jina la mwandishi si la mwenye barua: watu walikwenda kwa mwalimu au kwa karani akawaandikia. Usishangae basi ukikuta babu mmoja ana hati za mikono mitatu tofauti. Tarehe zikiwa za Hijria, zidisha mwaka kwa 0.97 kisha ongeza 622. Barua ya 1362 itakuwa ya mwaka 1943 hivi. Hesabu hiyo inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, lakini inatosha kujua kama babu alikuwa ameshaondoka na jeshi au bado.

Sasa laminesheni, na hapa sina lugha ya upole. Usithubutu.

Mashine ile huyeyusha gundi ya plastiki kwa joto kali na kuisukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Ikishaingia haitoki. Asidi iliyomo kwenye karatasi inafungiwa humo humo iendelee kuila, na unyevu uliokuwemo vilevile. Barua ikianza kuharibika ndani ya plastiki, mimi na wenzangu wote hatuna la kufanya, tutaitazama tu kama samaki kwenye chupa. Kama kuna hati ya shamba humo, kuna hatari nyingine: hati iliyofunikwa plastiki haichunguziki tena vizuri, wino wala muhuri wake, siku mtu atakapodai ni ya kughushi. Wala usidhani kosa hili ni la maduka ya mitaani peke yake. Marekani, fundi wa nyaraka W. J. Barrow alibuni miaka ya 1930 njia ya kufunika nyaraka kwa karatasi za plastiki ya asetati, na hifadhi kubwa kubwa zikaifuata kwa miaka mingi. Baadaye asetati ikaanza kuoza yenyewe na kutoa harufu ya siki, na mafundi wakabaki na kazi ya kuibandua. Mimi mwenyewe, kijana mbichi kazini, niliziba mipasuko ya hati ya ukoo wetu kwa selotepu na nikajisifu. Leo selotepu ile imeanguka, imeacha mistari ya kahawia iliyokula maneno mawili, na mojawapo lilikuwa jina la mpaka wa shamba. Ndugu zangu bado hawajanisamehe.

Selotepu basi hapana, gundi hapana. Barua iliyokatika kwenye mikunjo, vipande vyake viwekwe pamoja, inatosha. Pasi pia hapana. Na maji hapana kabisa, hata kitambaa chenye unyevu, kwa sababu hujui wino ni wa namna gani. Wino wa kienyeji wa masizi na gundi ya mti ni mweusi, umekaa juu ya karatasi, wakati mwingine unang'aa. Wino huo haufifishwi na mwanga, lakini tone la maji linautembeza. Wino wa dukani wa zamani wenye chuma umegeuka kahawia, na ukigeuza karatasi unauona umetokeza upande wa pili. Huo unakula karatasi polepole, na unyevu unauongezea nguvu. Yale maandishi ya zambarau ni ya penseli ambayo watu walikuwa wakiilowesha kwa ulimi, na yakiguswa na maji yanasambaa kama juisi ya zambarau yenyewe.

Jua nalo ni adui, ijapokuwa tumelelewa kuanika kila kitu. Ukianika barua na picha juani, wino unafifia, karatasi inakauka upande mmoja na kujikunja, picha zinapinda kama magome. Zenye unyevu zikauke kivulini, penye upepo, kwa feni isiyozielekea moja kwa moja.

Ukungu ushughulikiwe ukiwa mkavu tu. Ukiufuta ungali mbichi unaupaka, unauingiza ndani. Acha karatasi zikauke barazani mpaka ule ukungu uwe kama unga, kisha vaa barakoa, kaa pasipo upepo wa kukurudia usoni, na upanguse kwa brashi laini mpya kama zile za poda, ukielekeza nje. Mwenye pumu nyumbani asifanye kazi hii wala asikae karibu. Doa litabaki. Doa si ugonjwa, liache.

Kuhusu wadudu, wenye kula karatasi si wa aina moja. Mchwa wanatoka ardhini na ukutani, kwa hiyo dawa yao ni ya nyumba. Ukikuta njia zao za udongo kwenye ukuta, hamisha bati na umwite fundi wa dawa; usipulize chochote juu ya barua. Lakini yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu kama nyuzi, anayelamba gundi na kutoboa uso wa karatasi, na wale wanaotoboa vijishimo vya mviringo kama sindano ya kushonea magunia, hao wanasafiri humo humo. Hao tunawagandisha. Baada ya barua kukauka, tia kwenye mfuko wa plastiki usio na tundu, toa hewa, funga, tia ndani ya mfuko wa pili, kisha weka kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka barafu ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka zipite saa 24, la sivyo jasho la baridi litatua juu ya karatasi badala ya juu ya plastiki. Mwambie mama mwenye friza mapema ni kitu gani kimo, maana nimewahi kusikia mfuko wa nyaraka ukitolewa pamoja na nguru na kuwekwa sinkini. Picha usizigandishe.

Najua utaambiwa uweke naftalini. Vile vidonge vyeupe vinafukuza nondo kweli, lakini mvuke wake unaharibu plastiki na baadhi ya picha, na ni sumu kwa watu pia. Watoto wachanga wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, hali ambayo ni ya kawaida katika nchi zetu za malaria, damu yao inaweza kuvunjika kwa kuvuta au kuvalishwa nguo zilizokaa na naftalini. Siipendi chumbani penye mtoto, barua au hakuna barua. Majani ya mwarobaini na karafuu havina ubaya huo, ila mafuta yake yanatia madoa yakigusa karatasi. Kama lazima, viwe ndani ya kifuko cha nguo, nje ya bati. Udi na ubani fukizeni nguo na vyumba. Moshi ni masizi, na masizi yakitua kwenye karatasi hayatoki.

Watu huniambia kwamba pwani yetu ina unyevu mno, karatasi haziwezi kudumu, tujisumbue kwa nini. Barua za Kiswahili kongwe kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu kama za kwenu, na leo zipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Goa si jangwa; ina masika yake yanayoweza kutushinda sisi. Zimeishi miaka mia tatu kwa sababu karatasi za wakati ule zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na kwa sababu kila kizazi kulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzitazama. Karatasi za barua zenu zina uwezekano mkubwa wa kuwa za miti, dhaifu zaidi, ila si dhaifu kama magazeti yaliyokuwa nazo. Hayo magazeti yatoe kwenye bati leo leo. Karatasi ya gazeti imejaa asidi na huambukiza jirani yake: ukiona barua ina kivuli cha kahawia chenye umbo la mstatili, ni gazeti lililoilalia. Usiyatupe, kama ni Mambo Leo, lile la serikali lililoanza 1923, yana thamani yake yenyewe. Yapige picha, uyaweke peke yake.

Toa pia mipira, pini na klipsi zilizoshika kutu. Mpira ulioyeyuka ukagandia karatasi usiuvute, kata kando yake uache kipande.

Za kuhifadhia, usihangaike kuagiza vifaa Ulaya. Karatasi nyeupe nzuri ya fotokopi siku hizi hutengenezwa kwa chokaa na haina asidi; pakiti nyingine zina alama ya nane iliyolala ndani ya duara, hizo ndizo bora. Kunja karatasi moja iwe jalada la kila barua. Bahasha za kaki achana nazo. Ukitaka mifuko ya plastiki, geuza utafute namba ndani ya pembetatu: 2, 4 na 5 zinafaa, 3 haifai, na hata bila namba utaijua kwa ile harufu ya kitambaa kipya cha meza. Bati lile la bibi, kama ndani halina kutu, ni zuri kuliko vingi vinavyouzwa, maana panya hatoboi wala mchwa hali. Litandike bafta iliyofuliwa. Siku ya kupanga iwe alasiri kavu ya kiangazi au ya kipupwe, kamwe si asubuhi ya masika, kwa sababu hewa utakayoifungia humo ndiyo itakayokaa na barua. Ukungu huamka unyevu ukipita asilimia 65 hadi 70, na pwani yetu mwezi wa Aprili huvuka 80 bila kutoa jasho. Vifuko vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, vya ndani ya viatu vipya mara nyingi vimeshajaa unyevu kabla hujavipata. Ukinunua silika yenyewe itakubidi kuikausha ovenini kila mara, na kwa uzoefu wangu familia hufanya hivyo mwezi wa kwanza, basi. Kwa hiyo mimi hupendelea bati lisilozibwa kwa tepu, ndani ya chumba kinachopita hewa, lifunguliwe na kukaguliwa mara moja kila mwezi wakati wa mvua. Likae juu ya kabati la ukuta wa ndani, upana wa kiganja mbali na ukuta, si darini chini ya mabati, si karibu na jiko, si chini. Vikopo vya oili chini ya miguu ya kabati, kama walivyofanya wazee, bado vinafanya kazi dhidi ya sisimizi.

Picha za studio nyeusi na nyeupe zitawashinda umri ninyi nyote zikiachwa kivulini. Zilizogandana usizibandue. Za rangi za miaka ya 1970 ambazo zimekuwa nyekundu nyekundu zinaendelea kufifia hata gizani, basi hizo zitangulie kupigwa skana, kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa inchi. Zikiwa kwenye zile albamu zenye kurasa za kunata, zitoe zile zinazotoka kwa hiari.

Kutumiana msitumie kwa WhatsApp kama picha, kwani inazibana mpaka herufi zinakufa; tuma kama dokumenti. Nakala ziwe tatu, mahali pawili tofauti, moja nje ya mji. Ndugu yenu aliye Muscat au London, kama yupo, hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa mjomba. Mpe heshima yake, maana hoja yake ina asili: msahafu uliochakaa usiosomeka una utaratibu wake wa kuzikwa au kuchomwa ili usikanyagwe. Lakini barua hazijachakaa kiasi hicho, na hazisomeki kwa sababu ya macho yetu, si kwa sababu ya karatasi. Bismillahi iliyo juu yake inataka pahala pa staha, na bati safi juu ya kabati ni pahala pa staha. Mwambie pia, kwa taratibu, kwamba huenda humo mna habari za shamba: nani alimuuzia nani, minazi mingapi, mpaka uliishia mti gani. Nimeona mijomba wakali wakilainika kwa sentensi hiyo. Zikipatikana barua za namna hiyo, nakala zake zithibitishwe na wakili mapema.

Kugawana ndiyo hapana yangu ya pili. Barua ni mazungumzo. Ukimpa huyu swali na yule jibu, hakuna aliyerithi kitu. Kila mtu apate nakala zote, za asili zikae kwa mmoja, mwenye nyumba kavu na asiyehama hama, na iandikwe nani atamfuata. Ikishindikana kabisa kukubaliana, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani wana ujuzi wa karatasi kama hizi. Ulizeni masharti yao kwanza, na nani ataruhusiwa kusoma.

Hilo la nani asome nalitilia mkazo, kwa sababu huwa halifikiriwi mpaka limeshaumiza. Barua za watu wazima zina madeni, talaka, watoto waliofichwa. Za pwani ya zamani zinaweza kuwa na neno kama mtumwa au huru wa fulani, na aliyeandikwa hivyo ana wajukuu mtaa wa pili. Msirushe kitu kwenye kundi la ukoo kabla bibi mdogo hajakisikia na kusema.

Vilivyobaki ni vyepesi. Nishani, kama ni ile nyota ya ncha sita, usiisugue kwa ukwaju, ndimu wala dawa ya kung'arishia shaba. Weusi wake ni wa haki yake, na utepe wake usifuliwe. Askari wa Afrika Mashariki wa Divisheni ya 11 walipita Bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 katika mvua za masika, kwa hiyo barua za mwaka huo zikiwepo zichunguze kwa makini zaidi. Vikuku vya fedha vifungwe kwa kitambaa cha pamba, mbali na mipira. Kanga zisikunjwe: zizungushie kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa nguo, kisha zifunike kwa marekani iliyochemshwa mara mbili kutoa wanga wake. Jambo la kuchekesha ni kwamba mafundi wa makumbusho Ulaya huagiza kitambaa hicho hicho kwa bei ya kuumiza, nasi kinauzwa kwa yadi sokoni. Kasha lenyewe lifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu na lisipakwe vanishi. Barua msizirudishe ndani yake bila bati, maana mbao hutoa mvuke wenye asidi.

Ukifika Pangani mwulize bibi mdogo kwanza ni nani aliyekuwa akizipeleka barua hizi, kabla hujamuuliza zinasema nini. Swali hilo huwafungua wazee haraka. Na ukikutana na lile neno la be na te katika barua mojawapo, niandikie lilikuwa lipi. Mimi naweka dau langu kwenye mbata.